Kitabu cha Baroni Mgongoni

Saa 4:10 asubuhi. Uvira, 1964.

Walikuwa watatu katika stoo ya ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani, mlango umefungwa, harufu imewakaba. Sévère alichora nyumba ya Baroni kwa mkaa juu ya gunia. Alikuwa mwizi wa kahawa, na kila akipanga kazi hutabasamu. Tabasamu lile halikumpendeza mtu.

"Saa sita basimba bote banaenda kumwangiwa dawa ya risasi kwenye uwanja," alisema. "Mama Capitoline, unaingia kwa mulango ya jiko. Kitabu iko wapi?"

"Mu salon," alijibu Pudentienne. " Minye ndiye nilikuwa napangusa vumbi yake."

Pudentienne alimpikia Baroni miaka tisa. Hakuwa mpishi tu, na nyumba nzima ilijua. Waasi wa Simba walipoingia mjini, Baroni alikimbia ng'ambo ya ziwa na pajama na mbwa wake, kitabu akakisahau: jalada la ngozi nyeusi, vifungo vya shaba, miaka mia tatu ya ukoo wake wa kibwana, kila aliyezaliwa ameandikwa. Ukurasa wa mwisho, siku alipolewa pombe akalia, aliandika kwa mkono wake: Capitoline, binti yangu na Pudentienne.

Mtoto ana miaka saba sasa. Masista wa Usumbura, kama watu walivyouita bado mji ule wa ng'ambo ya mpaka, wanamweka pamoja na machotara wenzake, na Alhamisi wote wanapandishwa ndege kwenda Ubelgiji. Kwenye karatasi zao hana baba wala mama. Mara mbili Pudentienne alikwenda kumdai. Mara mbili aliulizwa hati.

"Tunapita kwanza kwa masista baone jina," alisema Pudentienne. "Baroni atalipa kitabu yake nyuma. Uliniapia, Sévère."

"Niliapa."

Hyacinthe, mwenye mtumbwi, aliyemheshimu Sévère kama kaka mkubwa, alikuna shingo. "Na bariyeri ya basimba kule Kavimvira, yaya? Bale banafungua hata sufuria."

"Habafungue mugongo ya mwanamuke. Simba akigusa mwanamuke, dawa yake inakufa, risasi inamuingia. Kitabu itabebwa sawa mutoto," alisema Sévère.

Saa 6:15 mchana.

Pudentienne alikuwa bado na ufunguo wa jiko. Ndani hakukuwa na mtu. Kelele zote zilikuwa uwanjani. Alikikuta kitabu mezani, kimewekewa sufuria ya ugali juu yake, ngozi imeungua duara. Roho ilimuuma, halafu akajichukia kwa kuumwa. Akafungua mwisho. Jina lilikuwepo.

Alikiweka mgongoni, akafunga kitenge, akafunika kwa kitambaa mahali ambapo kichwa kingekuwa, kuzuia jua.

Saa 7:05. Kavimvira.

"Simama! Umebeba nini?"

Simba alikuwa na ngozi ya chui kichwani, maji ya dawa bado yanamchuruzika kifuani.

"Mutoto. Iko na homa."

"Geuka nione."

Pudentienne aligeuka, kisha akaanza kurudi kinyumenyume kumwelekea. Hatua moja. Mbili. Simba akaruka pembeni kama aliyekanyaga siafu.

"Usinikaribie, mama! Pita! Pita haraka!"

Akapita, huku akikipigapiga kitabu kwa kiganja kama mama anayebembeleza. Shaba ilimchoma uti wa mgongo. Alitaka kucheka.

Saa 7:50. Ziwani.

"Lete nione," alisema Sévère, ambaye na Hyacinthe walimngoja Pudentienne na mtumbwi mbele ya bariyeri.

Alimpa. Sévère alifungua ukurasa wa mwisho, akatoa wembe mfukoni. Karatasi ilitoka bila sauti. Akaichana vipande, akavimwaga majini.

"Sévère!"

"Baroni anataka kitabu bila ile kartasi." Hakumtazama. "Ataniandikia ruhusa ya kukaa Usumbura. Huku basimba bananitafuta baniue. Ungefanya nini, weye?"

Hyacinthe aliacha kasia. "Yaya, hii haikuwa mu mpango."

"Piga kasia."

Hapo Sévère akafanya kosa la mtu anayependa mno mpango wake. Watu wa duane, forodha ya ng'ambo, nao hupekua kila mzigo, ila mtoto mgongoni hawamgusi. Akamrudishia kitabu. "Beba. Tunakaribia."

Pudentienne alikipokea. Akakiweka mgongoni, akashika ncha mbili za kitenge. Akaegemea ukingo wa mtumbwi, akaziachia.

Mabwana wa miaka mia tatu walizama mara moja. Shaba ni nzito.

Sévère alijirusha upande ule, mtumbwi nusura upinduke. Alishika maji tu. "Umeniua, mwanamuke!"

"Sasa hata weye hauna kartasi."

Baroni aliwangoja ufukweni na mwavuli. Alipoona mikono mitupu, aliondoka na mbwa wake. Jioni askari wa ng'ambo walimrudisha Sévère Kavimvira kwa kukosa ruhusa, na Simba wenye dawa wakampokea.

Alhamisi, saa 3:20 asubuhi. Usumbura.

Watoto walitembea wawili wawili kuelekea ndege, kila mmoja na namba kifuani. Pudentienne aliwatazama kutoka kwenye senyenge. Alihesabu hadi wa kumi na nne, akamwona wake.

"Capitoline! Capi wangu!"

Mtoto aligeuka. Sista aliwauliza jambo wenzake, wakatikisa vichwa: huyu hana mama. Kisha akamshika kichwa taratibu, akakielekeza mbele.

Ndege iliondoka. Pudentienne alijifunga kitenge chake, akarudi barabarani.