Mpangaji wa Duane Skogen

Jumatatu, tarehe 15 Desemba. Mji wa Wausau uliamka chini ya theluji mpya, na upepo wa kutoka mtoni ulikuwa mkali kiasi kwamba pumzi iliganda kwenye ndevu za Duane Skogen kabla hajawasha pikapu.

"Funga skafu vizuri," alimwambia Rhonda. "Moyo wako haupendi baridi hii."

"Moyo wangu unakupenda wewe. Baridi utaivumilia tu."

Duane alicheka. Alikuwa na miaka sitini na miwili, amestaafu mapema baada ya kiwanda cha karatasi kufungwa. Rhonda Pavlik, aliyempita kwa mwaka mmoja tu, alikuwa bado anasuka na kukata nywele kwenye saluni yake ndogo. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao. Walikutana kwenye kwaya ya kanisa, na kwa miaka tisa sasa walikuwa wanakula meza moja nyumbani kwa Duane.

Ndoa waliiahirisha kwa makubaliano, mpaka wote wafikie umri wa bima ya wazee, miaka sitini na mitano. Wangeoana sasa, mapato yao yangejumlishwa, yapite kiwango, na ruzuku ya bima wanayopewa na serikali iwatoke wote wawili. Rhonda alikuwa anameza dawa za moyo kila siku. Asingeweza kukaa bila bima hata wiki. Basi alikubali kusubiri. Mungu anatujua, alijiambia, na watu wanatujua.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuchagua bima itakayoanza Januari. Mshauri wa soko la bima la serikali alikuwa amepewa chumba kidogo kule maktaba.

"Niingie peke yangu kwanza," Duane alisema walipofika. "Wewe kaa pale usome magazeti."

"Kwani kuna siri gani?"

"Siri gani tena, mama? Mambo ya karatasi tu."

Rhonda akaketi. Hakumaliza hata ukurasa mmoja, akakumbuka kwamba miwani ya Duane ya kusomea ilikuwa kwenye mkoba wake. Bila miwani, mzee huyu angechagua bima ya ng'ombe! Akainuka, akitabasamu peke yake.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu.

"Bwana Skogen, kuna mtu mwingine anayeishi nyumbani kwako?" aliuliza mshauri, binti wa Kihmong, jamii yenye asili ya Asia, aitwaye Mai See Xiong.

"Yupo mwanamke mmoja," Duane alijibu. "Mpangaji tu."

"Hamna uhusiano wowote?"

"Hapana. Hata simjui vizuri. Analipia chumba, basi."

Alisema hivyo bila kusita, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuagiza kahawa.

Rhonda aliitoa miwani kwenye mkoba. Akamwomba Mungu ampe miguu ya kusimamia, akasukuma mlango.

"Duane."

Mzee akageuka. Uso ulimshuka.

"Miwani yako hii," Rhonda aliiweka mezani. "Mpangaji wako amekuletea."

Mai See aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Samahani, Bwana Skogen. Kama huyu ni mpenzi wako, ungesema tu. Sisi tunauliza ndoa, na nani unamweka kwenye kodi yako ya mapato. Kama hamjaoana na kila mtu anajitegemea, mapato yake hayaingii kwako."

"Hayaingii?"

"Hata senti."

"Lakini wale wenzangu wa kahawa pale kituo cha mafuta walisema watu wa bima wakijua mnalala nyumba moja, wanajumlisha kila kitu!"

"Hao wa kahawa hawajawahi kuja kuniuliza."

Rhonda alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Kwa hiyo umenikana bure."

"Mpenzi, nilikuwa nailinda bima yako."

"Yangu, au yako?"

Duane akaichukua miwani, akaivaa.

"Maliza mambo yako, utoke," Rhonda alisema. "Ikifika zamu ya mpangaji, niiteni."

Ilipofika zamu yake, Mai See alimsogezea boksi la tishu.

"Mama, unaweza kurudi kesho ukiwa umetulia."

"Kesho bima itachelewa, mwanangu. Na dawa zangu hazijui kama nimeumizwa."

"Haya. Ipo ya daraja la shaba, malipo yake ya mwezi ni madogo. Lakini ukiugua, utatoa sana mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Ipo na ya fedha. Kwa mapato yako, ruzuku inakubebea sehemu kubwa."

"Daktari wangu wa moyo, Fenwick, yumo kwenye ipi?"

Binti akatafuta kwenye kompyuta. "Yumo kwenye ya fedha. Kwenye ile ya shaba hayumo."

"Niandikie ya fedha."

"Anwani ni ile ile ya..."

Rhonda alifumba macho. Midomo ilimcheza, akiomba kimoyomoyo.

"Hapana. Andika ya dada yangu, Marlys. Nahamia kwake leo."

Marlys alimpokea kwa chai na hasira.

"Mpangaji! Miaka tisa mpangaji anamfulia mwenye nyumba soksi? Na hiyo kodi ya pango ulikuwa unailipa kwa kitu gani, kwa kumkaangia mayai?"

"Usinichekeshe, Marlys. Nikicheka nalia."

Simu ikaita. Marlys akaidaka.

"Haloo, shemeji. Samahani, nilitaka kusema mwenye nyumba. Mpangaji wako anapumzika."

Akakata. Muda si mrefu ujumbe ukaingia.

*Rudi nyumbani mpenzi. Nilikosea. Niliogopa.*

Rhonda aliandika, akafuta, akaandika tena:

*Kuogopa nakuelewa. Ila ulivyosema kirahisi, hapo ndipo siwezi kukuelewa.*

Jumatano jioni kanisa lilikuwa na mlo wa supu wa Majilio, majuma ya kungojea Krismasi. Rhonda alikwenda na Marlys, kwa sababu alikuwa ameahidi mkate, na kwa sababu pale ndipo alipozoea kumlilia Mungu. Alikuwa bado anakata vipande Duane aliposimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi.

"Ndugu zangu," alianza. "Mchungaji. Huyu Rhonda ni mwanamke wangu. Juzi niliulizwa, nikamkana. Rhonda, tufunge ndoa Jumamosi hii. Ruzuku na iende zake!"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaanza kufuta machozi. Mchungaji Kirsten alikuwa tayari amefungua mikono kuwakumbatia.

Rhonda aliweka kisu chini.

"Nikiolewa nawe Jumamosi, Duane, malipo ya bima yatanishinda, na daktari wangu nitampoteza. Hilo umelifikiria?"

"Nitauza pikapu. Nitarudi kazini."

"Na ukiulizwa tena, ukiwa umechoka, ukiwa na hofu? Utasema mimi ni nani?"

Duane alilia wazi, kama mtoto.

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndiyo maana inauma hivi. Sikuwahi kukudai pete. Ningesubiri mpaka uzeeni, nikipika katika nyumba ambayo si yangu, na nisione haya. Nilihitaji tu mtu akikuuliza, hata asiyenijua, umwambie mimi ni nani kwako."

Alimsogelea, akamfuta machozi kwa kiganja chake chenye unga wa mkate. Kisha akamgeukia mchungaji, na dada yake, na wote waliokuwa wameshika vijiko vyao hewani.

"Naahidi mbele yenu, na Mungu anisikie," alisema. "Nitamwombea Duane Skogen kila asubuhi, kwa jina lake kamili, mpaka nife. Na sitalala tena chini ya paa lake."