Moto wa Mapema

Mama Mizinga na mumewe walikuwa wamechoka. Mwaka uliopita, moto wa kiangazi ulipanda mitini ukateketeza mizinga yao yote ya nyuki. Mume alichonga mingine hadi viganja vikatoka malengelenge. Sasa walilinda msitu usiku na mchana. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha hata kiberiti. Majani makavu yakarundikana chini ya miti.

Mvua zilipoisha, wifi yake Mama Mizinga akaja kuwatembelea. Yeye alikuwa kwenye kamati ya msitu ya kijiji jirani.

"Wifi, mbona umekonda? Kaka yangu hakulishi?"

"Ananilisha majivu," alijibu Mama Mizinga. Hakuwa na nguvu za kucheka.

Wifi akatazama msituni. "Haya majani mnamwekea nani? Tuyachome sasa."

Mume akaruka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Tuchome? Dada, una akili timamu?"

"Kaka, babu zetu walichoma kila mwaka wakati kama huu. Walipokatazwa, nasi tukasahau. Moto utakuja tu. Heri uje mdogo sasa, kuliko uje mkubwa kila kitu kikiwa kimekauka."

Mume hakulala vizuri. Asubuhi alikubali, shingo upande.

Walipata kibali cha bwana misitu, wakaita majirani. Walifagia kwanza chini ya kila mti wenye mzinga. Jioni upepo ulipotulia, wifi aling'oa nyasi chache kuzipima. Juu zilikuwa kavu, chini bado kijani.

"Sasa," alisema.

Walichoma kipande kimoja kimoja, moto ukielekea upepo unakotoka. Ulitambaa chini polepole, haukupanda mti. Mume alisimama na ndoo ya maji. Umande uliposhuka, moto ukafa wenyewe. Hawakuondoka mpaka moshi wote ulipoisha.

Kiangazi kilipokolea, moto mkubwa ulivuka kilima. Mume alikamata ndoo akakimbia. Mama Mizinga akamfuata.

Moto ulifika pale walipochoma. Ukakosa cha kula. Ukanywea, ukazimika. Juu yao nyuki walikuwa wanavuma.

Mume aliketi chini akalia. Ulikuwa uchovu wa mwaka mzima. Mkewe akaketi kando yake.

"Leo tulinde upande gani, baba?"

"Leo hatulindi," alisema mume. "Twende tukalale."