Stika Yenye Picha ya Balungi

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Yareli alipenya kwenye pengo la uzio na kuingia uani kwa jirani yao, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Don Teyo. Alichuma mabalungi matatu, akayakata katikati, akayakamua kwa kikamulio cha bati chenye mpini uliolegea. Juisi aliimimina kwenye glasi ndefu ya bluu, hadi juu.

Glasi ile ilikuwa ya marehemu Bi Chabela, mke wa Don Teyo. Enzi za uhai wake, yeye ndiye aliyemkamulia mumewe juisi. Alipofariki, mzee alianza kumeza vidonge vyake bila kitu, amesimama peke yake jikoni. Siku moja Yareli alimwona kupitia dirishani. Hakumwambia mtu. Kesho yake alikuja na kisu cha matunda, na tangu hapo hakukosa hata siku moja.

"Umechelewa, daktari," alisema Don Teyo.

"Dakika mbili tu. Na anayesomea udaktari ni mama, si mimi. Tena si udaktari, ni uuguzi."

"Basi mwambie asome upesi. Mimi nazidi kuzeeka."

Mama yake Yareli, Marisela, alikuwa muuguzi wa wodini kwa miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa anasomea ngazi ya juu, ya wauguzi wanaoruhusiwa kumpima mgonjwa wenyewe na kumwandikia dawa. Kila jioni vitabu vyake vilijaa mezani, na Yareli alijifanya mgonjwa ili mama ajizoeze kuuliza maswali.

"Unaumwa nini?"

"Nywele."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipozisuka jana."

Mama alicheka, lakini aliandika. Alisema mgonjwa hakatizwi, hata kama anaumwa nywele.

Mji wao wa San Lauro uliishi kwa mabalungi. Yalichorwa kwenye tangi la maji, kwenye fulana za timu ya mpira, hata kwenye mabasi ya shule. Wakati wa sherehe ya mavuno watoto waligawiwa stika za balungi, na Yareli alikuwa amezibandika kwenye jalada la daftari lake la hesabu. Alikuwa nazo thelathini na moja.

Ya thelathini na mbili aliipata kwa Don Teyo. Posta ilikuwa imeleta dawa mpya ya kupunguza mafuta kwenye damu, na Yareli alimfungulia boksi kwa sababu vidole vya mzee vilikuwa vigumu asubuhi. Ubavuni mwa chupa palikuwa na stika ya njano, yenye picha ya nusu balungi na maandishi madogo sana.

"Naweza kuchukua hii?"

"Chukua. Mimi nataka vilivyomo ndani."

Aliibandua taratibu isichanike, wala hakuisoma.

Wiki tatu baadaye, Don Teyo alishindwa kupanda ngazi tatu za mlango wake. Mapaja yalimuuma kama ya mtu aliyebeba magunia siku nzima. Mwanawe, Abundio, alipiga simu kutoka Houston akasema atakuja Jumamosi kumchukua, kwa kuwa mtu asiyeweza kupanda ngazi tatu hawezi kuishi peke yake.

Yareli alikaa kwenye ngazi ya chini. Houston ni mwendo wa saa sita kwa gari.

Mama alikuja na daftari lake. Alimminya mzee mapajani, akamtazama usoni alipokunja uso. Akaisoma chupa.

"Don Teyo, mara chache dawa hii huumiza misuli. Unatumia nyingine yoyote? Mitishamba?"

"Situmii. Huu ni uzee, Marisela. Hauna kidonge."

"Nimekuombea nafasi kliniki Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa Houston. Kliniki ziko hata huko. Nimeshamwambia Abundio abebe masanduku matatu ya mabalungi, nisije nikakosa juisi yangu."

Alhamisi, darasani, Rogelio aliyekaa nyuma ya Yareli alinyoosha shingo juu ya daftari lake.

"Hii ya njano umeitoa wapi? Sisi hatukupewa."

"Una wivu."

"Wivu wa nini? Umebandika stika ya duka la dawa. Hujui hata kusoma? 'Usitumie balungi wala juisi yake pamoja na dawa hii.'"

Yareli alisoma mwenyewe, mara mbili. Akaziba stika kwa kiganja, na kiganja hakikuondoka pale mpaka kengele ilipolia.

Kwenye basi aliwaza mengi. Angeweza kuibandua tena na kuitupa dirishani. Hakuna ambaye angejua. Don Teyo angeondoka Jumamosi na vidonge vyake na masanduku yake matatu, na kule Houston mtu mwingine mwema angemkamulia juisi. Lakini akisema, mama angejua kwamba ni binti yake mwenyewe aliyempelekea mzee madhara kila asubuhi, kwa glasi ya Bi Chabela.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa tayari mezani na kalamu.

"Haya, mgonjwa, karibu. Leo unaumwa nini?"

Yareli alikaa. Hakufanya mzaha.

"Miguu. Mapaja."

"Tangu lini?"

"Wiki hii."

Mama aliinua macho. "Unatumia dawa gani?"

"Ya kupunguza mafuta kwenye damu. Ni mpya, nimeianza wiki tatu zilizopita." Alilivuta begi lake magotoni. "Naimeza na juisi ya balungi. Glasi kubwa. Kuna msichana ananikamulia kila siku."

Mama aliweka kalamu chini.

"Na chupa haikuwa na onyo?"

Yareli alifungua begi akaweka daftari mezani. Mama alitazama ile ya njano katikati ya zile thelathini na moja. Hakugomba. Alimvuta Yareli kifuani, mara moja, kwa nguvu, kisha akasimama.

"Twende. Kliniki bado iko wazi."

Walimkuta Don Teyo kibarazani. "Samahani nikuulize jambo la aibu," mama alisema. "Mkojo wako una rangi gani?"

Mzee aliangalia pembeni. "Kama kahawa. Tangu juzi."

Bi Ofelia, muuguzi mkuu wa kliniki aliyekuwa akimsimamia mama katika masomo, alimsikiliza Yareli tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Damu ilipimwa. Misuli ilikuwa inaharibika, na figo zilikuwa zimeanza kulemewa. Jioni ile ile Don Teyo alilazwa hospitali, dawa ikasimamishwa, akatundikiwa dripu. Abundio alifika Jumamosi akakuta hakuna safari. Alikaa kando ya kitanda, akimkata baba yake kucha.

Siku ya nne Yareli aliruhusiwa kuingia, pamoja na mama na Bi Ofelia.

"Don Teyo, ni mimi. Niliibandua stika. Na juisi ni mimi."

"Nimeshaambiwa. Mti nilioupanda kwa mikono yangu ndio ulitaka kunipeleka kwa Chabela." Alimpapasa kichwani. "Na mimi ndiye niliyekuambia uchukue. Mama yako aliponiuliza natumia nini, nikasahau juisi. Kwangu juisi si dawa, ni juisi."

"Tumboni kuna kitu kinachoimega dawa kidogo kidogo ili isiingie mwilini kwa wingi," Bi Ofelia alieleza. "Balungi hukizuia. Kwa hiyo ulikuwa unameza kidonge kimoja, mwili unapata kama vingi. Ungeendelea hivyo wiki nyingine, figo zingekufa."

Kisha akamgeukia Yareli. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea bila kujua ni jambo letu sote, hata sisi wenye makoti meupe. Lakini wewe ulipojua, ulisema siku ile ile, ingawa uliogopa. Hicho ndicho kilichomponya. Sisi tunaweza kupima damu, lakini hatuwezi kupima kinachofichwa. Na wema wako usiuache. Uliza tu kwanza."

Mama alikuwa anaandika. Chini ya orodha yake ya maswali aliongeza moja: *Dawa unaimeza na nini, na nani anakuandalia?*

Mwezi mmoja ulipita. Don Teyo alipewa dawa nyingine isiyogombana na balungi, na asubuhi moja alipanda ngazi zake tatu bila kushika ukuta, Abundio akimhesabia kwenye simu. Juu, Yareli alikuwa anamngoja na glasi ya bluu.

Mzee aliichungulia. "Maji."

"Maji," alisema Yareli.

"Na balungi langu?"

"Saa sita mchana, na chakula. Nimemuuliza Bi Ofelia, nikamuuliza na mama."

Don Teyo alimeza kidonge chake, akamrudishia glasi. "Umechelewa, daktari," akasema. "Dakika mbili."