Redio Iliyosema Upesi Mno

"Kamati ya maonyesho inawatangazia walimu, wanafunzi na wazazi kwamba kitambaa cha meza ya redio za kale kitakuwa cha kijani, wala si cha buluu kama ilivyotangazwa awali."

Mwalimu Laban alisoma tangazo hilo gwarideni, katika shule yao ya Garsen, kama alivyokwisha kusoma mengine kuhusu kitambaa hichohicho. Kuhusu redio zenyewe kamati haikuwa na la kusema.

Darmi, mwanafunzi wa gredi ya sita, aliazimwa redio ya mbao na nyanya yake, Batula. Ndani yake mlikuwa na valvu tano, yaani taa za kioo zilizoziwezesha redio za zamani kusema. Redio hiyo ilikuwa imenyamaza tangu betri yake kubwa ilipokufa. Hata hivyo, kila kiangazi Nyanya Batula aliifukiza kwa moshi wa vijinga, kama afukizavyo vibuyu vya maziwa, na mchwa hawakuigusa. Sharti lake lilikuwa moja: isifunguliwe.

"Hiyo ni redio au kabati la samaki wakavu?" Charo, mwanafunzi mwenzake, alimdhihaki. "Inanuka moshi, na haisemi!"

"Itasema," Darmi alijibu kwa hasira.

Jioni hiyo aling'oa valvu, akaficha ndani kiredio kipya na kukiunga na kitufe cha nje.

Siku ya tathmini alifika mwamuzi wa mashindano, Bi Kibibi, mkusanyaji wa redio za kale kutoka Kipini. Alizungusha kitufe. Papo hapo taarifa ya habari ikanguruma. Charo alipiga makofi. Bi Kibibi hakupiga.

"Mwanangu, valvu hupata moto kwanza, ndipo redio iseme. Hii imeniamkia kabla sijakaa."

Akafungua mgongo wa redio. Katikati ya masizi palikuwa na miduara mitano safi.

"Zilizokaa hapa zimeng'olewa juzijuzi. Ziko wapi?"

"Nyumbani, Bi. Kwenye kopo la majani ya chai."

Mwalimu Laban alishusha pumzi. "Nani alikuomba iseme, Darmi? Tunaonyesha redio za kale, hatuonyeshi kelele!"

Darmi alikwenda mbio kulichukua kopo, akarudi na Nyanya Batula. Lilipofunguliwa, valvu nne zilikuwa nzima. Ya tano ilikuwa vipande.

"Nyanya, nisamehe. Niliifungua ili Charo asinicheke."

"Miaka yote imekaa kimya, wala sikuionea aibu. Wewe umeivunja ili Charo akupigie makofi. Basi, kuanzia leo kuifukiza ni kazi yako."

"Ningeipa nafasi ya kwanza vilevile ilivyokuwa," Bi Kibibi alisema. "Sema ukweli kuhusu ulicho nacho, mwanangu. Nilikuja kupima hicho tu."

Valvu ya aina ile haikupatikana Garsen, Bura wala Hola. Kamati ilikutana mchana kutwa. Kesho yake Mwalimu Laban alisoma:

"Kamati imezingatia kwa kina suala la valvu iliyovunjika, na imeamua kwamba kitambaa cha meza kirudi kuwa cha buluu."