Mama Vifungo na Kitambaa cha Mwani

Katika chumba cha mbele, Fundi alikanyaga cherehani na mkewe akashona vifungo. Wateja walimwita Mama Vifungo. Alikuwa msafi kupita kiasi. Mumewe alimtania kwamba huosha hata sabuni.

Siku moja Fundi alijigonga muundi kwenye chuma cha cherehani. Mchubuko ukawa kidonda, kikawa kinatoa maji. Na mguu wenyewe ndio wa kukanyagia. Cherehani ikanyamaza, na nyumba ikapooza.

Fundi alikwenda zahanati peke yake. Nesi alisafisha kidonda, akaweka kitambaa cheupe laini, akafunga bandeji. "Usiifungue mpaka urudi kwangu," alisema. Fundi hakumwambia mkewe. Ndivyo alivyo, maneno huyaweka akiba.

Kesho yake bandeji ililowa. Mama Vifungo akaifungua. Kile kitambaa kilikuwa kimegeuka ute mzito.

"Mume wangu, huu usaha."

"Nesi kasema tusiguse."

"Nesi hauoni huu ninaouona mimi."

Akauosha ute wote, akapaka poda, akamkalisha mumewe juani kidonda kikauke. Jioni kidonda kilipasuka, kikatoa damu. Mama Vifungo aliingiwa na hofu. Mguu huu ukikatwa, aliwaza, nitakuwa nimeukata mimi.

Asubuhi waliongozana zahanati. Alieleza yote, macho chini. Nesi hakumsuta. Alichukua kipande cha kitambaa kipya, akakitia kwenye kibakuli cha maji ya chumvi. Nyuzi zikavimba, zikawa ute.

"Mama, uliona kitu kama hiki?"

"Hiki hiki."

"Basi si usaha. Ni mwani."

"Mwani wa baharini?"

"Ndiyo. Kiwandani wanatoa ile sehemu yake inayoteleza, wanaisafisha, wanaifanya nyuzi. Nyuzi zikinywa maji ya kidonda zinakuwa ute. Ute unakitunzia kidonda unyevu, na ngozi mpya inapenda unyevu. Tukikikausha juani, kinapasuka."

"Kwa hiyo niokote mwani ufukweni nijifunge?" Fundi aliuliza.

"Usithubutu, baba. Ule una mchanga na vijidudu."

Fundi alipapasa uzi mmoja kwa vidole. "Pamba yangu inatoka shambani, hii inatoka baharini. Kumbe na bahari inasokota nyuzi."

"Na usaha wenyewe nitaujuaje?" Mama Vifungo aliuliza.

"Kidonda kikinuka vibaya hata baada ya kusafishwa, mguu ukivimba na kuwa wa moto, maumivu yakizidi, au akipata homa, njooni siku hiyo hiyo."

Nesi akaweka kitambaa kipya na bandeji mpya. Tangu hapo Mama Vifungo aliilinda bandeji ile, ingawa mikono ilimwasha kutaka kuifungua. Jirani alileta unga wa majani. "Ahsante, jirani," alimjibu, "lakini kidonda hiki tumemkabidhi nesi." Kila walipokwenda kubadilishiwa kitambaa, kidonda kilikuwa kimepungua.

Asubuhi moja alikuwa uani akifua. Akasikia cherehani. Aliingia ndani mikono ikichuruzika maji. Fundi alikuwa akikanyaga kwa mguu ule ule, akishona aproni nyeupe.

"Ya nani?"

"Ya nesi. Vifungo ni kazi yako."

Mama Vifungo alikaa palepale, akachagua vifungo vizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. "Mungu ambariki binti yule," alisema. "Angeweza kunifokea, akanifundisha." Alivishona kwa uzi wa mara mbili, taratibu, cherehani ikilia kando yake. Nguo zake zilibaki kwenye povu mpaka mchana, wala hakuzikumbuka.