Barua ya Goti

"Hivi ni beki gani yule aliyemvunja mumeo goti?" jirani alimuuliza muuguzi mmoja siku moja wakianika nguo.

"Gogo," yule muuguzi akajibu, akabana kibanio mdomoni asije akaulizwa la pili.

Miaka tisa sasa. Watu walishasahau, lakini mumewe, mshambuliaji waliyemwita Radi, hakusahau. Kila akipanda ngazi, jina la Gogo lilimtoka pamoja na pumzi.

Jumamosi moja mchana ujumbe ukaingia kwenye simu ya Radi. Akausoma kwa sauti.

"Kaka, niko getini kwako. Sikuja kugombana. Naomba dakika tano tu."

"Nani huyo?" mkewe akauliza, na moyo ulishamwambia.

"Gogo. Ana uso mkavu huyu."

"Mfungulie, mume wangu."

"Wewe ndiye mtu wa sala. Kafungue wewe."

Gogo akaingia, mwili uleule wa kuziba mlango, mvi zikichungulia chini ya kofia. Akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Radi, tangu ile mechi silali vizuri. Niliuendea mpira, haki ya Mungu. Nilikugusa kidogo tu. Nisamehe."

"Kidogo? Gogo zima linamgusa mtu kidogo?"

Gogo akataka kucheka, akashindwa.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," Radi akasema. "Leo nikiinuka chooni nashika ukuta. Kaliombe goti msamaha kwanza, halafu uje kwangu."

Beki akavua kofia, akajifutia machozi, mtu mzima yule.

Muuguzi alikuwa amesimama na sinia la chai. Miaka yote alimwomba Mungu amtue mzigo bila yeye kufungua kinywa. Akaliweka sinia chini.

"Mume wangu, si yeye."

"Si yeye nini?"

"Ile barua ya daktari wa mifupa. Ulikwenda kwa siri kabla ya ile mechi ili kocha asijue. Ukanipa nikusomee kwa kuwa mimi ndiye muuguzi, nikakwambia ni uvimbe tu."

"Ndiyo. Ukaniwekea barafu."

"Haukuwa uvimbe. Kano ya goti ilikuwa imechanika nusu. Daktari aliandika usiguse mpira miezi sita."

Radi akamtazama kama anayemtafuta mtu mwingine usoni mwake.

"Kwa nini?"

"Uliniambia ukikosa ile mechi wewe si mtu tena. Ulikuwa unatetemeka. Nikashindwa kukwambia. Nikasema nitafunga, nitaomba, Mungu atalishika hilo goti dakika tisini."

"Ukanifunga bandeji kwa mikono yako."

"Kwa mikono yangu."

"Na kila nikimlaani huyu mezani, kwenye sala ya chakula, wewe ulikuwa unasemaje?"



"Nilikuwa nasema amina."

"Shemeji..." Gogo akaanza.

Radi akainuka, taratibu, kiungo kimoja baada ya kingine. Akamwekea Gogo mkono begani.

"Wewe nenda ukalale, ndugu yangu."

Mkewe akamfuata, akanyoosha mkono amshike kiwiko kama anavyomshika kila siku.

"Nitukane basi. Nipigie hata kelele. Baba watoto, sema chochote."

Radi akauondoa ule mkono kwa upole, kama mtu anayeondoa uzi kwenye shati. Akafungua mlango, akatoka akiuburuta mguu.