Jino la Godelieve na Stenti ya Moyo

Godelieve anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Baraka. Mwaka jana, kila alipobeba beseni, kifua kilimbana. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Jasho lilimtoka hata kukiwa na baridi. Mwishowe mume wake, Albert, alimvusha ziwa mpaka Kigoma, wakaendelea hadi Dar es Salaam. Huko madaktari waliona mshipa unaopeleka damu kwenye moyo umeziba karibu wote. Wakamwekea stenti, wakampa na dawa za kumeza kila siku. Godelieve akarudi mzima.

Sasa jino likaanza kumuuma. Shavu likavimba.

"Dada, acha kwanza ile dawa ya kufanya damu nyepesi," mwenzake wa sokoni alimwambia. "Uking'oa jino, damu haitasimama."

Godelieve akaacha.

Asubuhi Albert aliona vidonge vimebaki mezani. "Mama, haukumeza?"

"Niliacha. Mi niko muzima. Nitarudilia dawa jino ikishatoka."

Albert alitoka nje haraka. Alikwenda kumwita jirani yao, Pulchérie, infirmière, yaani muuguzi, wa centre de santé, kituo cha afya cha hapo. Pulchérie alikuja mbio, mikono ingali na unga.

"Mama Godelieve, kifua iko namna gani?"

"Iko muzuri."

"Tumushukuru Mungu. Meza dawa ya leo sasa hivi."

"Na jino?"

"Meza kwanza."

Godelieve alimeza. Ndipo Pulchérie akaketi.

"Stenti ni kibomba kidogo cha waya. Wameisuka kama wavu. Inashikilia mushipa, ibakie wazi. Lakini damu inaweza kuganda juu ya ile waya. Ikiganda, njia inafungika mara moja. Moyo inakosa damu. Muntu anaweza kufa. Ile dawa ndiyo inakataza damu kuganda."

Godelieve aliweka mkono kifuani. "Mi nilizania stenti ilimaliza ugonjwa."

"Ilifungua fasi moja tu ya mushipa, mama. Ugonjwa wa mishipa ungali. Ndiyo maana unameza dawa, unapunguza chumvi na mafuta, unatembea."

Pulchérie alimpigia simu daktari wa moyo kule Dar es Salaam. Wote walisikia sauti yake.

"Asiache hata kidonge kimoja bila kuniuliza. Jino ling'olewe huku akiendelea na dawa. Wanaong'oa waambiwe mapema kwamba ana stenti. Damu itachelewa kidogo kukata, lakini itakata."

Siku ya kung'oa, Albert alimsindikiza. Kabla ya kukaa kwenye kiti, Godelieve alisema kwa sauti, "Niko na stenti ndani ya moyo. Dawa nimemeza." Daktari wa meno aling'oa jino, akamwambia aume pamba kwa nguvu. Damu ilichuruzika. Wakabadilisha pamba, wakangoja. Damu ikakauka.

Mwezi uliofuata, Godelieve alipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Fizi. Binti yake, Ketsia, alikuwa amejifungua huko. Sehemu ya mwisho ya njia ilikuwa ya kupanda kilima, akaipanda kwa miguu. Kifua hakikumbana. Alifika akiimba, akanyoosha mikono.

"Mulete hapa mujukuu wangu!"